Bunduki Nisiyoruhusiwa Kuishika

Jumanne, 11 Machi 2025

Ukuta unatoka jasho. Nimepitisha kidole juu ya rangi nyeupe ya chumba hiki na kidole kimerudi kimelowa. Guangzhou huwa na siku hizi kila mwaka, baridi inapoondoka na upepo wa joto unaporudi kutoka kusini. Sababu yake ni nyepesi. Hewa ya joto hubeba maji mengi, na ukuta bado una baridi ya miezi mitatu. Hewa ikiugusa hushindwa kuendelea na mzigo wake na kuutua hapo hapo. Nilimweleza hayo mwanangu Anastazia alipokuwa anapiga deki kwa mara ya tatu leo. Akasema, "Baba, maelezo yako hayakaushi sakafu."

Nimekuja kutibiwa mtoto wa jicho. Nitakaa mpaka Julai kwa Anastazia na mumewe Calvin, ghorofa ya tisa, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Huu ni mwaka wao wa kumi na tano hapa, wakinunua viatu na mikoba na kupakia kontena kwenda Dar es Salaam. Binti yao Dainess waliniachia Morogoro akiwa na miaka mitano. Sasa ana ishirini, yuko chuo cha ualimu, nami ndiye niliyemlea.

Naanza shajara hii kwa sababu nimepewa kazi na klabu yetu ya shabaha, ambayo mimi ni katibu wake wa ufundi. Bunduki ya hewa tuliyokuwa nayo, moja tu, imekatika springi. Tarehe 28 Juni kuna mchujo wa timu ya taifa ya vijana huko Dodoma. Mshindani lazima aje na bunduki iliyosajiliwa na klabu yake. Tunampeleka Dainess, na mwakani atakuwa amevuka umri wa vijana, kwa hiyo ni mwaka huu au basi. Nimeambiwa nichague mpya, ya mtungi, ya bei ya watu kama sisi.

Jumatano, 12 Machi

Nguo hazikauki. Calvin ameweka feni mbele ya suruali zake kama anayemhoji mtuhumiwa.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimezungumza kwa simu na Shedrack, mwenyekiti wa klabu. Nilimfundisha fizikia kidato cha tatu. Sasa ana kitambi na gari mbili, lakini bado hasikilizi swali mpaka mwisho.

"Shikamoo, Mwalimu. Enhe, umeshainunua?"

"Marahaba. Siinunui hapa."

"Sikusikii, mtandao."

"Umenisikia vizuri. Hapa raia wa kawaida haruhusiwi kuwa nayo, na mgeni ndiyo kabisa. Ya hewa yenye nguvu wanaihesabu silaha kama ya baruti."

"Mwalimu, hizo bunduki zinatengenezwa wapi?"

"Hapa."

"Na wewe uko wapi?"

"Hapa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Jamani njooni msikie! Mtu yuko katikati ya mto ananiambia maji hakuna!"

Nyuma yake nikasikia na wengine wanacheka. Sikukata simu. Nilimweleza taratibu, kama nilivyomweleza sheria ya Boyle mwaka 1988, kwamba kitu kinaweza kupita mlangoni mwako kinakwenda bandarini na wewe usiwe na haki ya kufungua boksi lake. Sisi tuliovaa, tuliolalia na kupikia vitu vya Guangzhou maisha yetu yote tunafikiri kila kinachotengenezwa hapa kinauzwa hapa, na kwa bei ya chini zaidi. Bunduki itaagizwa na Yasir, mwenye duka la silaha lenye leseni Dar es Salaam, kwa kibali cha klabu. Kazi yangu ni kuchagua tu. Nitachagua nikiwa hapa, kwa karatasi na hesabu, bila kuigusa.

"Sasa si ungechagulia hapa hapa Moro ukiwa na kahawa yako?" akauliza.

Nikamwambia jicho haliwezi kungoja kamati. Klabu haiwezi kungoja jicho pia.

Jumanne, 18 Machi

Yasir ameleta orodha kwa simu, bunduki tatu. Ni kijana mwenye adabu, hauzi kwa kelele. Ametaka jibu kabla ya tarehe 12 Mei ili oda iingie kwenye shehena yake.

Niandike hapa tofauti, maana wajumbe watauliza. Bunduki ya springi husukuma hewa wakati ule ule wa kufyatua. Springi inaruka mbele, na bunduki yote inaruka nayo mikononi. Ya mtungi imeshindiliwa hewa kabla. Chini ya mtutu kuna mrija mnene uliojazwa kwa pampu, na ukifyatua, vali inafunguka mara moja na kutoa pumzi kidogo tu. Kitako hakishtuki begani, kwa hiyo mwenye mkono mwepesi hupata haki yake. Peleti ni kipande kidogo cha madini ya risasi chenye kiuno chembamba. Kwa shabaha ya mita kumi hutumika ya milimita nne na nusu.

Majina ya viwanda sitayaandika. Nimezibatiza mwenyewe, na Yasir na klabu wanayajua majina hayo.

Fahali: nyeusi, nene, mtutu wa milimita sita na zaidi, inataka hewa ya baa mia tatu. Baa ni kipimo cha kanieneo. Hewa tunayovuta sasa ni baa moja, gurudumu la gari ni mbili na nusu. Mtu afikirie mwenyewe mia tatu.

Mzee wa Mbao: kitako cha mti uliosuguliwa vizuri, milimita nne na nusu, baa mia mbili, bolti, kile kikono cha kukoki, upande wa kulia kama bunduki za zamani. Haina kidhibiti cha hewa.

Mwembamba: kitako cha plastiki, mrija mdogo, baa mia mbili, ina kidhibiti. Sura yake ni kama bomba la kuogea.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Nimesoma maelezo ya Fahali mara mbili. Ni bunduki ya kuulia nguruwe.

Jumatatu, 24 Machi

Anastazia amenichukua Zhanxi, soko la jumla la viatu na nguo karibu na stesheni ya treni. Mikokoteni inapita kwenye visigino vya watu bila kuomba radhi. Mwanangu pale si yule ninayemjua. Alimwita mwenye duka "laoban", yaani bosi, akataja bei yake, akaambiwa "meiyou", hakuna, akageuka kuondoka, akaitwa, akageuka tena bila haraka. Nilimlea nikidhani ni mpole.

Alipofungua maboksi kukagua sampuli, kila boksi lilitoa kijifuko cheupe chenye punje ngumu kama mchele. Nikamuuliza ni cha nini.

"Kinakunywa unyevu, Baba. Bila hicho viatu vinafika Dar vimeota ukungu."

Nikasimama palepale na mkokoteni ukanigonga.

Maana nilikuwa sijawaza jambo hilo. Pampu ya mkono haichagui hewa. Ukipampu Morogoro wakati wa mvua, unashindilia na mvuke. Sheria ni ile ile ya ukuta wangu: hewa iliyobanwa haiwezi kubeba maji yote iliyoingia nayo, inayatua. Ila safari hii inayatua ndani ya mrija wa chuma, na chuma kinaoza kwa ndani mahali ambapo huoni, kikiwa na kanieneo ya kutosha kumtoa mtu mkono. Kadiri unavyobana zaidi, ndivyo maji yanavyotoka zaidi na pampu inavyopata moto. Kwa hiyo: baa mia mbili, si mia tatu, pampu yenye chujio la punje hizi, na kupumzika kila mara hamsini.

Fahali ameanguka mtihani. Na bado sijasema kwamba msichana wa kilo hamsini na mbili hawezi kuishusha pampu ikifika mia mbili na themanini.

Jumatano, 26 Machi

Nimechagua Mzee wa Mbao. Haina kidhibiti, ndiyo, lakini kisichokuwepo hakiharibiki. Mti wake unapendeza. Nimemwandikia Yasir.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo wenyeji wamekwenda kusafisha makaburi ya wazee wao na maduka mengi yamefungwa. Sisi tumebaki nyumbani kugombana.

Calvin alirudi jana kutoka Shiling, ule mji wa ngozi huko Huadu anakochukua mikoba. Leo mchana, tukila wali na samaki, akasema kama anayesimulia habari ya mpira: "Baba, ile shida yako nimeimaliza."

"Shida ipi?"

"Ya bunduki. Kuna laoban mmoja Shiling, rafiki yangu miaka minane. Ana mtu wake. Inakuja vipande vipande, mtutu peke yake, mrija peke yake. Naweka ndani ya mikoba, kati ya bitana na kadibodi. Kontena linafungwa tarehe ishirini. Kesho kutwa mzigo unaletwa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa nyumbani. Stoo wana kamera."

Anastazia aliweka kijiko chini. "Calvin, hukuniambia."

"Nakwambia sasa."

Nikamaliza kutoa miba kwenye samaki wangu. Katika kufundisha miaka thelathini na nne nimejifunza kwamba darasa likipasuka, mwalimu asipandishe sauti. Nikasema, "Baba Dainess, futa huo mpango."

"Baba, hapa kila kitu kinaondoka hivyo hivyo. Watu wanapakia mambo makubwa kuliko hayo."

"Sijakuuliza watu wanapakia nini."

"Nani atafungua mkoba mmoja kati ya elfu nne?"

"Asipofungua mtu hapa, Dar utaisajili kwa karatasi gani? Mtoto atakwenda mbele ya waamuzi na bunduki isiyo na baba wala mama?"

"Karatasi zinatengenezwa."

Hapo ndipo niliposimama. Goti langu linauma nikisimama ghafla, lakini nilisimama. "Nisikilize. Ikiingia kwa mlango ule, mimi nitatoka kwa mlango huo huo, pasipoti mkononi, mpaka kituo cha polisi kilicho karibu, niwaambie ni yangu."

Alinitazama. "Unanitisha, Baba?"

"Sikutishi. Nakupa ratiba."

"Utafungwa! Na umri huo!"

"Nitafungwa mimi. Afadhali kuliko mke wako."

Akatupa kitambaa mezani. "Mzee mkaidi wewe! Unakaa kwangu, unakula kwangu, mwanangu mimi anakosa nafasi kwa sababu ya somo lako la uraia!"

Kukaa kwake na kula kwake vilikuwa kweli. Nilikaa, nikaendelea kula. Anastazia alichukua simu ya mumewe, akaisukuma mbele yake, akasema kwa sauti ile ya Zhanxi: "Mpigie laoban wako. Mwambie hatuchukui. Sasa hivi, nikisikia."

Akapiga. Sikuelewa Kichina chake isipokuwa neno moja, alilorudia mara tatu: "buyao", sitaki.

Jumamosi, 5 Aprili

Calvin hajanisalimia.

Jumapili, 6 Aprili

Wala leo.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Baada ya ibada na chakula, Calvin alikuja kukaa nami kwenye kibaraza cha kuanikia nguo. Alikuwa na soda mbili. Akafungua moja akanipa.

"Baba, mwanangu nimemwona kwa simu miaka kumi na tano," akasema. "Viatu nimemtumia, simu nimemtumia, ada nimelipa. Vyote vinakwenda kwenye kontena na watu wengine wanamkabidhi. Nilitaka kitu kimoja aseme, hiki baba alinitafutia."

Nimemhesabu mkwe wangu miaka yote hii kuwa mtu wa njia za mkato. Leo nimeona njia yake ndefu. Hata hivyo nilimwambia: "Ningekukatalia tena." Akacheka, akasema anajua.

Jumanne, 29 Aprili

Kliniki ya macho. Kabla ya kuamua lenzi ya kuniwekea, daktari, mama mmoja mfupi mwenye haraka, alinipa kadi ngumu yenye tundu katikati. Nishike kwa mikono miwili, nizinyooshe, nitazame taa ya mbali kupitia tundu. Anastazia akatafsiri. Kisha daktari akafunika jicho langu moja, halafu jingine. Nikiwa nimefunikwa la kushoto, taa ilibaki. Nikiwa nimefunikwa la kulia, ilipotea.

Akaeleza kwamba kila mtu ana jicho linalotawala. Ubongo huona kwa yote mawili lakini hulenga kwa moja tu, na hilo huwezi kulichagua. Langu ni la kulia.

"Muulize," nikamwambia Anastazia, "mtu anayelenga shabaha kwa jicho lisilotawala, inakuwaje?"

Daktari hakuhitaji kufikiri. Macho yanagombana, akasema. Atapatia leo, atakosa kesho, hatajua kwa nini. Na atachoka haraka.

Nimerudi kwa basi. Dainess amekuwa akipatia leo na kukosa kesho kwa mwaka mzima. Shedrack anasema ni wavulana wa chuo wanaomharibu akili.

Jumatano, 30 Aprili

Nimempigia simu ya video alipotoka darasani.

"Shikamoo, Babu. Jicho lako?"

"Marahaba. Niache mimi. Simamisha simu mezani, rudi nyuma hatua tatu. Nyoosha mikono, bana viganja vyako uache tundu dogo, unitazame kupitia hapo. Macho yote wazi."

Akafanya. Katikati ya viganja vyake lilitokea jicho moja.

"Ni lipi hilo?"

"La kushoto," akasema. Hakushangaa hata kidogo.

"Fumba la kulia. Unaniona?"

"Nakuona."

"Fumba la kushoto."

"Umepotea."

Nilitafuta namna ya kuanza kueleza. Akanitangulia. "Babu, nilikuwa najua. Tangu mwaka jana. Nikiwa peke yangu naiweka bega la kushoto bila peleti, nalenga tu. Shabaha inatulia kama picha ukutani."

"Na mimi katibu wa ufundi! Kwa nini hukuniambia?"

Alishusha mikono. "Nimwambie nani? Aliyenifunga leso?"

Niandike habari ya leso, maana hakuna mwingine wa kuiandika. Dainess alipokuja kwangu alikuwa anashika penseli kwa mkono wa kushoto, anakula kwa kushoto, anapokea kitu kwa wakubwa kwa kushoto. Kwetu hiyo ni aibu ya mlezi. Mke wangu alikuwa amefariki, nami niliogopa watu waseme mtoto analelewa na mwanamume ndiyo maana hana adabu. Nikawa namfunga leso ya bluu mkono wa kushoto, jioni, wakati wa kuandika na kula, kwa muda wa miezi saba. Halikuwa fundo la kuumiza. Lakini lilikuwa fundo. Alipokuwa na miaka kumi na mitano nikamwekea bunduki begani mwenyewe, bega la kulia, bila kumuuliza kitu.

Nilimsomesha mtoto yule kila sheria ninayoijua na sikuwahi kumpima macho.

Alhamisi, 1 Mei

Nimezifungua picha za Mzee wa Mbao tena. Upande wa shavu umechongwa kwa mtu wa kulia. Bolti iko kulia. Wa kushoto atalazimika kuinua uso kwenye kitako kila peleti na kutafuta mkao upya. Mara sitini katika shindano. Mti ule unapendeza, na haufai.

Mwembamba, niliyemtukana, ana kipande cha shavu kinachopanda na kushuka, sawa pande zote mbili. Kikono cha kukoki kinahamishwa kulia au kushoto kwa bisibisi ndogo. Kitako kinarefuka na kufupika. Na kile kidhibiti nilichokidharau kina maana: bila hicho, peleti ya kwanza na ya arobaini haziendi mwendo mmoja, kwa sababu mrija unapungua kanieneo. Kwa kidhibiti, hewa hutolewa kipimo kile kile mpaka akiba ikaribie kuisha. Bei imezidi kidogo ya mbao, lakini pampu inakuja nayo.

Nimemwandikia Yasir nimebadili. Amejibu: "Sawa Mwalimu, ila mwenyekiti wako ameniambia Fahali."

Ijumaa, 9 Mei

Kesho kuna kikao cha kamati kwa simu. Kuna ajenda mbili: bunduki, na kama Dainess aondolewe kwenye mchujo, nafasi apewe mwingine. Nimemwambia Dainess nitamtetea. Akasema, "Sitaki kutetewa, Babu. Sema ulichofanya tu."

Jumamosi, 10 Mei

Kikao kilianza saa nne za asubuhi Morogoro, hapa saa tisa alasiri. Wajumbe kumi na mmoja, Dainess akiwa mmoja wao kwa niaba ya vijana, na mimi, katibu asiyepiga kura, ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji. Anastazia na Calvin walikaa nyuma yangu, wasionekane.

Shedrack alifungua kwa sala kisha akafungua kwa Fahali. "Ndugu wajumbe, klabu lazima iwe na silaha yenye sura. Tukifika Dodoma na bomba la kuogea tutachekwa."

"Dodoma wanalenga karatasi ya mita kumi," nikasema. "Kanuni inataka milimita nne na nusu. Fahali hataruhusiwa kuvuka mlango. Ukurasa wa pili wa kanuni ulizosaini wewe."

Nikasikia karatasi zikipekuliwa. Mjumbe mmoja akasema, "Mwenyekiti, kweli ipo hapa."

"Basi ile ya mbao," Shedrack akasema. "Mwalimu mwenyewe aliisifu mwezi wa tatu. Sasa ameigeuka. Kwa nini? Kwa sababu mjukuu wake ametaka ya kushotoni! Mkono wa kushoto haujawahi kupiga katika klabu hii. Na huyo binti, kwa heshima zote, mwaka mzima anapiga nje. Tunamnunulia mtu mmoja bunduki?"

"Naomba nijibu kwa kirefu."

"Mwalimu, kwa kifupi."

"Kwa kirefu," nikasema. "Mmenicheka tangu Machi na nimevumilia. Leo mtanisikiliza mpaka kengele."

Nikawaeleza jicho linalotawala. Nikawaambia kila mmoja anyooshe mikono pale alipokaa. Baadhi walifanya, nikawaona. Nikaeleza kwamba Mwembamba hanunuliwi kwa ajili ya mtu mmoja: kikono kinahama kwa dakika tano, wa kulia atapiga kulia, wa kushoto kushoto, na klabu itakuwa na bunduki ya kila atakayejiunga. Ya mbao itawakataa baadhi yao milele, na hatutajua ni kina nani.

Kisha nikasema lile jingine.

"Huyu binti hapigi nje kwa uzembe. Amelengeshwa kwa jicho lisilo lake. Niliyemfanyia hivyo ni mimi. Akiwa na miaka mitano nilimfunga mkono wa kushoto kwa leso, miezi saba, kwa kuwaogopa majirani. Baadhi yenu mlikuwa majirani hao, na mlinisifu. Nilimkosea. Kama kuna wa kuondolewa kwenye orodha kwa kukosa shabaha, niondoeni mimi kwenye ukatibu. Yeye mwacheni na bunduki ya jicho lake, siku arobaini na tisa zilizobaki."

Nyuma yangu Calvin alipumua kwa nguvu. Anastazia alikuwa hajui habari ya leso. Kwenye simu niliona Shedrack ameshusha viganja vyake mezani.

Dainess ndiye aliyesema kwanza. "Mwenyekiti, tuendelee na ajenda. Kura."

Mwembamba, saba kwa nne. Dainess kubaki, sita kwa nne, yeye mwenyewe akiwa amekataa kupiga kura.

Simu ilipozimwa Anastazia aliondoka bila kunitazama.

Jumapili, 11 Mei

Anastazia ameniuliza swali moja tu: leso ilikuwa yangu au ya mama? Nikasema yangu. Akasema, "Afadhali." Akanipa chai.

Jumatano, 14 Mei

Jicho limefanyiwa kazi. Naandika kwa kubahatisha mistari.

Jumamosi, 31 Mei

Sikukuu ya mitumbwi. Calvin amenipeleka mtoni kuona makasia na ngoma zao chini ya mvua ambayo hakuna anayeijali. Naona mpaka rangi ya kofia za wapiga kasia ng'ambo. Tukiwa hapo Yasir akatuma ujumbe: imefika Dar, imesajiliwa kwa jina la klabu. Calvin akausoma kwa sauti mara mbili, kisha akamnunulia embe mzee aliyesimama jirani nasi, sijui kwa nini.

Jumatatu, 9 Juni

Dainess ameanza nayo Jumatano iliyopita. Anasema pampu ni mara tisini kufikisha mia mbili, anapumzika kila hamsini, na punje za chujio zimeshabadilika rangi mara moja. Siku tatu za kwanza alipiga vibaya kuliko zamani. Shedrack alinitumia picha ya karatasi yenye matundu kila pembe, bila neno. Nikamjibu: "Umri wa mtoto anayejifunza kutembea ni siku tatu. Ngoja."

Jumatano, 18 Juni

Mvua. Tundu nane kati ya kumi zinafunikwa na sarafu. Shedrack hakutuma picha hii. Ametuma Dainess.

Jumamosi, 28 Juni

Tumekaa watatu mbele ya simu tangu saa tisa. Anastazia hakwenda Zhanxi, jambo ambalo sijawahi kuliona. Saa kumi na moja na dakika kumi ikaita.

"Wa nne," Dainess akasema. "Wamechukua sita."

Calvin alipiga kelele iliyowatoa majirani mlangoni. Anastazia alikaa sakafuni na kulia kimya kimya. Kisha kila mmoja akaanza: Calvin akasema bila yeye, baba mtu, hata wazo la bunduki lisingekuwepo, Anastazia akasema ni vile vijifuko vya viatu, nami nikakohoa nikijiandaa kutaja kidhibiti. Dainess alingoja tumalize.

"Mlichagua bunduki," akasema. "Nawashukuru. Kupiga nimepiga mimi."

Akatuonyesha karatasi zake moja moja. Kwenye ya mwisho tundu moja lilikuwa limeanguka chini, mbali na wenzake. Nilisogea karibu na simu, jicho jipya likiona kila mstari wa duara.

"Hiyo ya chini," nikasema, "itakuwa akiba ya mrija ilishuka chini ya kipimo cha kidhibiti. Sikiliza, ukifika peleti ya hamsini, hewa iliyobaki..."

"Hapana, Babu. Nilijaza kabla ya mzunguko wa mwisho. Bunduki haina kosa." Akaikunja karatasi. "Nilipumua mapema. Najua."

Nimeandika hapa kama alivyosema: alipumua mapema.